Sungura wa mbegu mezani kwa mwamuzi: matayarisho ya Unguja na Pemba

Sungura mweupe mwenye macho mekundu si lazima awe wa mbegu ya New Zealand. Jeni ya weupe hujificha: dume wa kijivu na jike mweusi, wote wakiwa wameibeba bila kuionesha, huzaa mtoto mweupe pe asiye na udugu wowote na mbegu hiyo. Wauzaji wengi hawana nia ya kudanganya. Wamenunua kwa jina hilo na kwa jina hilohilo wanauza. Kwa hivyo kazi ya maonesho huanza kwa kujua ulichonacho bandani, na kwa hilo unahitaji mizani, kitabu cha nasaba, na mwenzio.

Mizani na kitabu kila mtu anavielewa. Mwenzio ndiye anayesahauliwa. Mbegu safi ikitufikia huwa imevuka bahari, na mara nyingi huja jozi moja au mbili tu. Mfugaji aliyebaki peke yake na dume mmoja na majike matatu, baada ya vizazi viwili hivi hana tena wa kumpandisha ila binti kwa baba au ndugu kwa ndugu. Matokeo yake huonekana mezani: meno yasiyokutana, uzao mdogo, miili inayopungua kila kizazi. Maelekezo haya yanachukulia kwamba mko nyumba tatu za wafugaji angalau, hata kama mojawapo iko ng'ambo ya maji.

Mbegu ipi

New Zealand, licha ya jina lake, ilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Vipimo vinavyofuatwa sana ni vya chama cha wafugaji sungura cha Marekani, ARBA, kilichoanza mwaka 1910. Kitabu chake cha vipimo hurekebishwa kila baada ya miaka mitano. Waingereza wana British Rabbit Council, na vipimo vyao havilingani kila mahali na vya Marekani. Kikundi kichague kimoja mapema na kikiandike, maana ugomvi mwingi wa mezani hutokana na watu wawili waliosoma vitabu viwili.

Kwa vipimo vya ARBA, dume mkubwa wa New Zealand huwa kati ya kilo 4.1 na 5, na jike kati ya 4.5 na 5.4. Californian ni mwepesi kidogo: dume kilo 3.6 hadi 4.5, jike 3.9 hadi 4.8. Dutch ni mdogo, kilo 1.6 hadi 2.5, na anayependeza zaidi ni wa kilo 2. Mpime kwa mizani ya samaki ya kuning'iniza: pima kwanza kikapu kitupu, kisha kikapu na sungura, utoe. Kilo 3 kwa "New Zealand" wa mwaka mzima, mwenye afya na anayekula vizuri, ni jawabu tosha: si New Zealand.

Kwa joto letu, Dutch ndiye mwepesi kumlea, lakini ni vigumu kumpata wa kumpeleka mezani. Mwili mdogo hupoa haraka, ila alama zake hazina huruma. Mstari wa mgongoni, pale weupe wa mabega unapokutana na rangi ya nyuma, unatakiwa unyooke ukizunguka mwili wote. Miguu ya nyuma iwe nyeupe kwa kiasi cha theluthi moja kuanzia vidoleni. Mashavu mawili yawe na duara linalofanana. Katika uzao mmoja unaweza usipate hata mmoja wa kumpeleka mezani. Wasiofaa wana kazi nyingine, na jikoni ni mojawapo.

Californian ana tatizo ambalo wafugaji wa nchi za baridi hawalijui. Weusi wa pua, masikio, miguu na mkia wake hutengenezwa na kimeng'enya kinachofanya kazi pale ngozi inapokuwa na ubaridi. Mwezi wa Januari na Februari, Kaskazi ikivuma na joto likipita nyuzi 32, manyoya yanayoota sehemu hizo hutoka kahawia au kijivu, na masikio huonekana kama yamefuliwa. Si chotara, wala si ugonjwa. Manyoya yatakayoota wakati wa kipupwe yatakuwa meusi zaidi. Mwamuzi asiyelijua hili atawaonea Californian wote kisiwani, basi aambiwe kabla.

Flemish Giant, ambaye jike wake huanzia kilo 6.4, na Angora mwenye sufi ndefu, ni vizuri kuwaacha. Wa kwanza hujikalia juu ya visigino vyake mpaka vikachubuka, wa pili huchemka ndani ya sufi yake.

Kuhesabu miezi kurudi nyuma

Mbegu kubwa hugawanywa madaraja matatu: wakubwa ni wa miezi 8 na zaidi, wa kati miezi 6 hadi 8, na vijana chini ya miezi 6. Mbegu ndogo kama Dutch zina madaraja mawili tu, mpaka ukiwa miezi 6.

Maonesho ya sungura yafanywe Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Maonesho ya kilimo ya Nanenane pale Dole Kizimbani yanaangukia humo, na kikundi kinachotaka meza yake ya kwanza mbele ya watu hakina wakati mzuri kuliko huo. Maonesho ya biashara ya Januari yana watu wengi zaidi, lakini usimpeleke sungura huko hata ukipewa kibanda bure.

Chukua mfano wa tarehe 8 Agosti. Mimba ya sungura ni siku 31, mara nyingine 29 au 32. Jike akipandwa tarehe 1 Oktoba huzaa mwanzoni mwa Novemba, na watoto wale Agosti wana miezi 9: ni wakubwa, miili imejaa. Akipandwa katikati ya Disemba, Agosti watoto wana miezi karibu 7 na wanaingia daraja la kati. Ukisubiri Februari au Machi utajuta, kwa sababu dume aliyepigwa na joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa siku mfululizo hupungukiwa na mbegu za uzazi, na huchukua hata miezi miwili kurudi sawa. Atapanda kama kawaida, na jike hatashika.

Kuna jambo la manyoya pia. Sungura hubadilisha manyoya ya utotoni takriban miezi 4 hadi 6, na katika wakati huo huwa na mabaka na mistari mgongoni. Kijana wa miezi 5 mwenye umbo zuri hushindwa na wa miezi 3 kwa sababu hiyo tu. Na jike aliyezaa karibuni huwa amejinyonyoa kifuani na tumboni kutandika kiota. Mpe miezi miwili kabla ya kumfikiria.

Banda

Paa la makuti lina ubaridi kuliko bati. Kama huna ila bati, lifunike kwa makuti juu yake na uache nafasi ya upepo kati. Banda liwe wazi pande mbili ili upepo wa Kusi upite, lakini uwe na gunia au mkeka mkuukuu wa kushusha upande wa mvua wakati wa masika. Unyevu wa masika ndio huleta koksidia, vijidudu vya utumbo, kwa watoto: matumbo yanavimba, kinyesi kinalainika, wanakufa wakiwa na wiki 5 hadi 8. Kinga ni sakafu kavu na chakula kisichoguswa na kinyesi. Dawa hufuata nyuma.

Sungura mmoja wa New Zealand anataka sentimita 90 kwa 60, na kimo cha 45 hadi 50. Kwa sakafu, vipande vya mianzi au fito zilizopasuliwa, upana wa sentimita 2 hadi 2.5, vikiachana kwa sentimita 1.2 hadi 1.5. Pengo likizidi, mguu unapita na kuvunjika. Likipungua, kinyesi hubaki juu. Waya wa wavu ni msafi zaidi, lakini karibu na pwani chumvi ya bahari huula ndani ya muda mfupi, na nyuzi zilizooza hukata nyayo. Ukitumia waya, weka kibao cha kupumzikia cha sentimita 30 kwa 40, ukioshe na kukianika juani kila wiki. Kisigino kilichochubuka humtoa sungura mezani siku ileile, na huchukua wiki nyingi kupona.

Miguu ya banda iingie katika makopo yenye maji na mafuta kidogo ya taa dhidi ya siafu. Kunguru, paka na panya huzuiwa na wavu wenye matundu madogo. Chatu huzuiwa na kufunga mlango kwa kitasa badala ya kamba.

Chakula cha sungura wa maonesho

Kosa linaloonekana zaidi kwetu ni majani mengi mabichi yenye maji, mchicha na matembele asubuhi na jioni, bila nyasi kavu. Tumbo huwa kubwa, mgongo hubaki mkavu, na mwamuzi akipitisha kiganja anahisi mifupa. Nyasi kavu ziwepo muda wote. Chakula cha punje cha dukani kwa sungura mkubwa wa kilo 4 hadi 5 kiwe gramu 120 hadi 180 kwa siku, mara moja jioni, kwa sababu usiku hula vizuri zaidi kuliko mchana wa joto. Majani yawe kiganja kimoja, yaliyonyaushwa kivulini kwa nusu siku.

Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Yaanike mpaka yakauke kabisa, au yaache. Majani ya mparachichi, ya tungule na ya mbatata usimpe hata kidogo. Lukina, mti wa malisho, ni nzuri kwa kiasi kidogo na mara chache, ikizidi manyoya hupukutika. Chicha la nazi hunenepesha haraka, na ndiyo maana wengi hulipenda, lakini mafuta yake hujaa tumboni na kwenye kidevu cha jike, na likilala linachacha. Kwa maonesho, sahau chicha.

Maji ni zaidi ya chakula. Mkubwa hunywa nusu lita kwa siku, na jike anayenyonyesha lita moja au zaidi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Sungura aliyezoea maji ya aina moja anaweza kugoma kunywa mengine, na hilo litarudi tukifika kwenye safari.

Namba na kitabu

Bila alama ya kudumu, kitabu ni hadithi. Kwa mtindo wa Marekani namba huchanjwa kwa koleo lenye sindano ndani ya sikio la kushoto, wakati wa kuachisha au muda mfupi baadaye. Safisha sikio, tafuta nafasi kati ya mishipa ukilimulika kwa tochi, bana mara moja kwa nguvu, kisha sugua wino kwa kidole gumba mpaka uingie ndani ya vitobo. Ukigusa mshipa utaona damu. Kandamiza kwa pamba dakika mbili, halafu endelea na wino. Namba isiyosomeka humtoa sungura mashindanoni. Waingereza hutumia pete ya mguu wa nyuma, inayovishwa akiwa mdogo kabla kisigino hakijanenepa. Koleo la namba ni ghali kwa mtu mmoja. Nyumba tatu mkichanga linakuwa la wote, na kila nyumba ichukue herufi yake ya mwanzo ili namba zisigongane.

Kalamu ya wino usiofutika ni ya muda tu: hufifia ndani ya siku chache, na wawili wakifutika siku moja katika kizimba kimoja nasaba imekwisha.

Katika kitabu andika vizazi vitatu: wazazi, mababu na mabibi, na wazazi wao. Kila jina liwe na namba, rangi, na uzito wa ukubwani. Andika na kasoro. Kitabu kisicho na kasoro hata moja hakiaminiki.

Mzunguko wa madume

Hapa ndipo urafiki unapogeuka kuwa kazi. Chukua nyumba moja Konde na moja Chake, kule Pemba, na moja Unguja. Kila nyumba inabaki na majike yake na mabinti wao, hawahami. Wanaohama ni madume. Dume bora aliyezaliwa Konde huenda kupanda Chake, wa Chake huenda Unguja, wa Unguja huenda Konde, na kila kizazi huzunguka upande uleule. Kwa njia hii damu hukaa mbali kwa miaka mingi bila kununua sungura mwingine kutoka bara. Mzunguko ukivunjwa na mtu mmoja aliyeuza dume lake kwa bei nzuri, wote watatu wanarudi mwanzo. Ndiyo maana kabla ya kitu kingine chochote waandikiane: dume ni la nani, anakaa wapi kwa muda gani, akifa nani anabeba hasara, na watoto wanagawanywa vipi. Kawaida nzuri ni mwenye dume kuchagua mtoto mmoja wakifika wiki 8, baada ya mwenye jike kuchagua wa kwanza.

Kwa wanaokaa mji mmoja, jike ndiye apelekwe kwa dume. Ukimwingiza dume kwenye kizimba cha jike, jike hulinda nyumba yake na anaweza kumuuma pabaya, na dume naye hupoteza muda kunusanusa. Dume akianguka ubavu na kutoa mlio mfupi, kazi imefanyika. Siku ya 12 hadi 14, papasa tumbo taratibu kwa kidole gumba na vidole vingine. Mimba huhisiwa kama zabibu zilizopangana, laini na zinazoteleza, wakati punje za kinyesi ni ngumu na ndogo.

Pandisheni majike ya nyumba mbili siku moja. Jike mmoja akizaa watoto 11 na mwingine 4, wagawane: watoto wahamishwe ndani ya siku tatu za mwanzo, jike mlezi awe nje ya kizimba, na watoto wageni wasuguliwe kwa manyoya ya kiota chake. Jike hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu, na wengi wana chuchu nane, basi zaidi ya wanane wataanza kuachwa. Ili kitabu kisichafuke, mpe jike wa New Zealand watoto wa Dutch, na kinyume chake. Kila mtu ataona wa nani ni nani. Mkiwa na mbegu moja tu, watieni wageni alama ya wino tumboni na kuirudia kila siku mpaka wafikie umri wa namba.

Kumzoesha meza

Anza wiki ya 6 hadi 8, dakika tano kila siku, juu ya meza iliyotandikwa gunia au kipande cha zulia. Mkeka wa ukindu haufai: unateleza, naye akiteleza mara mbili ataichukia meza daima.

Kwa New Zealand na Californian, mkao ni huu: vidole vya miguu ya mbele vilingane na jicho, vya miguu ya nyuma vilingane na nyonga. Ukiivuta miguu ya nyuma nyuma zaidi, mgongo unalala na sungura anaonekana mrefu mwembamba. Ukiisukuma mbele mno, anakuwa kitonge. Ukiwa sawasawa, mstari wa juu hupanda kutoka mabegani, hufika kilele juu ya nyonga, kisha hushuka kwa mviringo hadi mkiani. Pitisha kiganja kutoka shingoni. Pasiwe na shimo nyuma ya mabega wala mfupa unaochoma nyongani.

Kisha mzoeshe kupinduliwa, kwa sababu mwamuzi atamgeuza tumbo juu aangalie meno, kucha, jinsia na nyayo. Mkono mmoja ushike ngozi ya shingo pamoja na masikio yaliyolazwa nyuma, bila kuyavuta, na wa pili ubebe makalio kila wakati. Sungura akirusha miguu ya nyuma hewani bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo, na hakuna tiba. Kumwinua kwa masikio ni ushamba, hata kama picha za zamani zinaonesha hivyo.

Usafi wa mwili

Asioshwe. Sungura akilowa hushtuka sana, hupoa kupita kiasi, na manyoya hupoteza umbo kwa siku kadhaa. Lowesha viganja vyako kidogo, sugua kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha kutoka kichwani kurudi. Manyoya yaliyokufa yatakuja mikononi. Mara mbili kwa wiki inatosha, na kila siku katika wiki ya mwisho.

Madoa ya njano kwenye miguu na mkia wa weupe hutoka kwenye sakafu yenye mkojo. Chovya pamba kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ipake kwenye doa, pakaza wanga, acha ikauke na upige brashi mpaka isibaki hata chembe. Fanya hivyo siku tatu au nne kabla, kwa sababu kitu chochote cha kigeni kikionekana kwenye manyoya siku ya maonesho huhesabiwa udanganyifu. Piko na hina kwenye masikio ya Californian pia ni udanganyifu, na mwamuzi mwenye kitambaa cheupe chenye maji atajua mara moja.

Kucha zikatwe siku tatu kabla, ukiacha milimita 3 au 4 mbele ya mshipa. Ndani ya masikio, ukiona magamba ya kahawia kama mkate mkavu, ni utitiri. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo hulainisha magamba, lakini tiba ni sindano ya aivamektini kwa dozi ya daktari wa mifugo, ikirudiwa baada ya wiki mbili. Na kumbuka jambo moja linaloua sungura wengi mikononi mwa watu wema: amoksilini na penisilini za kumeza huharibu vijidudu vya tumbo lake, naye hufa kwa kuharisha. Asipewe na mtu yeyote kwa mdomo.

Safari

Kila sungura sanduku lake, sentimita 50 kwa 30 kwa 35, lenye matundu pande zote na nyasi kavu chini. Tenga la kuku linapitisha hewa vizuri na linafaa kwa safari fupi, ila madume wawili tenga moja watachaniana masikio. Ulizia mapema kibali cha kusafirisha katika ofisi ya mifugo ya wilaya, hasa unapovuka kati ya Pemba na Unguja au kuja kutoka bara.

Safiri usiku au alfajiri. Ndani ya boti kaa upande wa kivuli wenye upepo, mbali na moshi wa injini, na usikubali sanduku liende chini ya mizigo. Ganda la barafu ndani ya chupa ya plastiki, lifungwe kwa kanga na kuwekwa ubavuni mwa sanduku, hufanya kazi kwa saa kadhaa. Chukua maji ya kwako kutoka nyumbani, lita moja kwa kila sungura kwa siku. Usimfungishe njaa: hatapiki, hana uwezo huo, na utumbo wake ukisimama huwa vigumu kuuamsha. Nyasi kavu tu njiani, majani mabichi asubuhi ile yaachwe.

Masikio yakiwa mekundu ya moto, pumzi za haraka, mdomo umelowa: mtoe sandukuni, mpeleke kivulini, na ulowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Kumzamisha kwenye maji ya barafu kunaweza kumuua pale pale.

Mezani

Mwamuzi aanze saa 1 na nusu asubuhi na amalize kabla ya adhuhuri. Joto na sala vyote vinadai hivyo. Njoo na nguo ya kubadilisha, kwa kuwa mkojo wa sungura hauchagui kanzu.

Kwanza hutolewa wenye kasoro: meno yasiyokutana, mafua yenye ute mweupe puani, magamba masikioni, visigino vyenye vidonda, jipu, mkia uliovunjika, dume asiyeshuka kende zote mbili, rangi ya jicho isiyo ya mbegu, uzito nje ya kipimo, namba isiyosomeka. Waliobaki hupangwa kwa mbegu, rangi, jinsia na daraja la umri. Kikundi kidogo kinaweza kujigawia pointi hivi: umbo 50, manyoya 20, rangi au alama za mwilini 15, hali ya mwili 15. Kwa Dutch, pointi za alama za mwilini zipande na za umbo zipungue. Halafu huchaguliwa bora wa mbegu, bora wa jinsia ya pili katika mbegu hiyo, na mwisho bora wa maonesho.

Wenye sungura wasiseme chochote karibu na meza. Wabebaji wawe vijana wa skuli ambao si wa nyumba yoyote inayoshindana, na mwandishi asome namba tu, asiseme jina. Mwamuzi aseme sababu kwa sauti kwa kila mmoja, na mwenye sungura aziandike. Kati ya sungura na sungura mwamuzi apanguse mikono, na zulia libadilishwe kila mbegu.

Katika kikundi kidogo kila mtu ni mshindani na shemeji wa mwenzake. Kanuni ndogo huokoa mengi: usiguse sungura wa mtu bila ruhusa, usitoe bei mbele ya watu, ukimwona sungura wa mwenzio ana ute puani, mwambie pembeni kabla ya kuanza. Asiyeshinda ndiye apewe kwanza dume la mzunguko unaofuata, maana ndiye anayelihitaji.

Baada ya kurudi

Walioshindana wakae mbali na wenzao siku 14, na mgeni kutoka nyumba nyingine siku 30. Walishe mwisho, kwa vyombo vyao. Kila asubuhi angalia upande wa ndani wa miguu ya mbele: manyoya yaliyoshikana hapo yanaonesha anajifuta pua, na mafua huonekana pale kabla ya kuonekana puani.

Maneno ya mwamuzi yaingie kitabuni siku hiyo hiyo, kwa namba ya kila sungura. Dume wa kuazima arudi kwao kabla Kaskazi haijashika, akiwa na karatasi inayoonesha majike aliowapanda na tarehe, waliozaliwa, walioachishwa, na waliotoka na kasoro ya aina gani.